UZI: Kabla hujakubali kung'olewa meno yote na kufungiwa mapya kwa implanti, soma yaliyonipata

Spea_Kirinyaga (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi hapa jukwaani, lakini leo nimelazimika. Wiki iliyopita jirani yangu wa duka alinionyesha karatasi ya kliniki yenye bei ya kumng'oa meno yote yaliyobaki na kumpandia mapya. Niliposoma nikaona ni ileile niliyopewa mimi miaka mitatu iliyopita, karibu neno kwa neno. Nikamwomba asitume pesa kwanza. Halafu nikaona si haki nimwambie yeye peke yake.

Nina miaka 56. Nauza spea za magari Kirinyaga Road, naishi Umoja. Meno yangu yalianza kulegea nikiwa na arobaini na kitu, na hayakuwa yameoza. Hilo ndilo lililonipoteza. Yalikuwa meupe, hayana tundu hata moja, lakini ukiyasukuma kwa ulimi yanacheza. Fizi zilitoka damu kila asubuhi. Nikabadilisha mswaki, nikabadilisha dawa ya meno, nikasukutua kwa maji ya chumvi, damu ikaendelea. Mwishowe nikawa naongea na wateja nikiwa nimeweka kiganja mdomoni.

Siku iliyonizindua nilinunua hindi la kuchoma pale kwenye steji, limepakwa ndimu na pilipili. Niliuma mara moja, nikahisi kitu kimeachia, bila maumivu yoyote. Nilipolitazama hindi, jino langu la mbele la juu lilikuwa limesimama katikati ya punje, na mzizi wake wote, refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa. Kwenye mzizi palikuwa na ganda jeusi, gumu, kama kutu iliyoshika bolti. Nililifunga kwenye leso nikaenda nalo nyumbani.

Kliniki ya kwanza ilikuwa katikati ya mji, orofa ya juu, safi kabisa. Jina naliweka kando. Nilipigwa picha moja bapa, ile unayosimama mashine ikakuzunguka kichwa. Dakika kumi baadaye nikaketishwa na kijana wa suti ambaye hakuwa daktari. Alikuwa na karatasi tayari: kung'oa yote ya juu na ya chini, implanti nne kila taya (yaani skrubu za titani zinazopandwa ndani ya mfupa ili zibebe meno bandia), "meno kwa siku moja", shilingi milioni moja na laki nne, na punguzo nikilipa malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa wowote. Hakuna aliyezigusa fizi zangu. Nami nikaenda kwenye Sacco yetu nikachukua fomu ya mkopo, nikaanza kutafuta wadhamini.

Aliyenizuia ni shemeji yangu, muuguzi. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani ni nini kilichoyalegeza hayo meno?" Sikuwa na jibu. Akasema, basi hata huyo anayetaka kukupandia mapya hana.

Daktari wa pili alikuwa bingwa wa fizi. Alitumia karibu saa nzima na kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Alikiingiza polepole kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino, msaidizi akiandika namba anazotajiwa: tatu, nane, saba, nne, nane. Nilikuwa nimelala chali nikisikiliza. Baadaye akanieleza kwamba ufizi mzima hukizuia kijiti kwenye milimita mbili au tatu. Kikizama hadi nane, ujue mfupa uliokuwa umelishika lile jino umekwisha kuliwa. Namba zangu za juu zilikuwa mbaya karibu kote. Za chini, upande wa mbele, zilikuwa nne, tatu, nne, tano.

Kisha akaniuliza usiku naamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Nikamwambia mara nne. Akanituma maabara. Kipimo cha sukari kile kinachosoma wastani wa miezi mitatu kilitoka asilimia 10.2. Nilikuwa na kisukari wala sikujua.

Hapa ndugu zangu nawaomba msome polepole. Sukari iliyopanda inaharakisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao unafanya sukari iwe ngumu kushuka. Na mfupa wa taya unaoliwa na ugonjwa huo ndio huohuo unaotakiwa kuikumbatia implanti ipone. Kama ningefungwa skrubu nane mwezi ule, zingepandwa kwenye kidonda.

Daktari yule alikataa kunipangia upasuaji. Akasema sukari ishuke kwanza, ikaribie 7. Ilinichukua miezi saba, dawa kila siku, ugali nusu ya niliozoea, na kutembea kutoka dukani hadi nyumbani siku tatu kwa wiki. Katika miezi hiyo fizi zilisafishwa kwa ganzi, robo ya mdomo kwa robo ya mdomo, hadi kwenye mizizi. Damu ikakoma. Meno manane ya chini, ambayo karatasi ya kwanza iliyahesabu kuwa ya kung'oa, yakakaza. Ninayo hadi leo. Ndiyo ninayotafunia chakula hadi ninapoandika haya.

Ya juu hayakuokoka, na sikumlaumu mtu. Yaling'olewa yote, nikapandiwa implanti nne. Lakini nne hizo zilikuja baada ya sababu kujulikana.

Nitaendelea na habari ya upasuaji na gharama hapa chini. Ulizeni msiogope.

Binti_wa_Donholm

Ahsante sana kaka kwa kujitolea kueleza. Mimi nauliza kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 71. Hana jino hata moja. Meno bandia ya juu anayavaa vizuri, lakini ya chini yanaelea. Akiongea yanainuka, akila ugali unaingia chini yake, fizi zina vidonda. Sasa anakula akiwa ameyavua, na wageni wakija hali kabisa, anasema ameshiba. Tumeambiwa dawa yake ni implanti za mdomo mzima. Sisi watoto tumechanga, hatujafika hata nusu ya hiyo bei.

Spea_Kirinyaga

Dada, nisubiri kidogo, kuna mtu hapa anaelewa mambo ya taya la chini kunizidi. Nimalizie langu kwanza.

Kabla ya upasuaji nilipigwa picha ya pande tatu, ile ambayo daktari anaweza kulikata taya lako kwenye skrini kipande kwa kipande kama mkate. Hiyo ndiyo inayoonyesha urefu na unene wa mfupa, mahali uwazi wa sinasi (tundu la hewa kando ya pua) ulipo juu ya magego, na mahali mshipa wa fahamu unapopita kwenye taya la chini. Ukitoboa mshipa ule mdomo wa chini unaweza kufa ganzi moja kwa moja. Picha bapa haitoshi kwa kazi hiyo. Anayetaka kukupandia meno ya taya zima bila picha ya pande tatu, ondoka.

Kwangu, nyuma kule chini ya sinasi mfupa ulibaki mwembamba mno. Ndiyo maana implanti mbili za mbele zilisimama wima na mbili za nyuma zikalazwa, zikiegemea kukwepa sinasi. Mbinu hiyo ilianzishwa na daktari Mreno, Paulo Maló, pale Lisbon mwaka 1998. Za nyuma zinaweza kulazwa hadi nyuzi 45, na hivyo wengi wanaepuka upasuaji wa kuongeza mfupa.

Siku yenyewe maumivu hayakuwepo, ilikuwepo sauti. Mtetemo wa kutoboa mfupa unausikia ndani ya kichwa. Halafu inakuja spana ndogo ya kukazia yenye kipimo. Mimi nimeishi na mafundi wa injini, najua spana ya kipimo inavyolia ikifika. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu ikalia. Walikuwa wanatafuta mkazo wa 35 kwenye kipimo hicho, ndipo implanti ihesabiwe imeshika vya kutosha kubeba meno siku hiyohiyo. Ya nne ilizunguka laini, haikulia.

Daktari akasimama, akaniambia bila kuficha: "Leo sitakufungia meno." Nikasikitika, kwa sababu nilikwisha mwahidi mke wangu. Lakini alikuwa ameniandalia mapema meno ya kuvaa kwa tahadhari hiyohiyo. Nikayavaa miezi minne, implanti zikiwa zimefunikwa chini ya ufizi. Zilipofunguliwa, zote nne zilikuwa zimeshika. Nafikiria sana ile ya nne. Ningekuwa kwa watu wa Ijumaa, ingefungwa tu kwa sababu tangazo lilisema siku moja.

Gharama: kwangu ilifika kama laki saba kwa taya moja, kuanzia kusafisha fizi na picha hadi meno yenyewe kumi na mawili, lakini ililipwa kidogokidogo kwa karibu miaka miwili. Bima yangu ililipa kung'oa tu.

Maabara_ya_Meno

Mimi ni fundi wa kutengeneza meno bandia, niko Ngara, miaka kumi na tisa kazini. Mleta uzi amesema kweli tupu, na namjibu dada wa Donholm.

Dada, taya la juu na la chini si ndugu. La juu lina kaakaa pana, meno bandia yanalinyonya kama kikombe kilicholowa kinavyoganda mezani. Ndiyo maana mama yako anayavaa bila shida. Taya la chini lina ukingo mwembamba tu, tena ulimi unasukuma kutoka ndani na shavu kutoka nje. Na mfupa ukikosa mizizi unaendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka. Nimewahi kupokea vipimo vya wazee ambao ukingo wa chini umelala kabisa, hakuna cha kushika.

Kwa mtu kama huyo si lazima implanti za mdomo mzima. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino la chini, meno ya kuvaa yanayoshikwa na implanti mbili ndiyo yawe chaguo la kwanza. Mbili tu, upande wa mbele wa kidevu, mahali ambapo mfupa huwa bado upo na mshipa ule wa fahamu hausumbui sana. Juu ya kila implanti kunakaa kitufe. Ndani ya meno bandia mimi naweka kikombe kidogo chenye mpira wa nailoni. Mama anayavaa, anabonyeza, yanalia "tap", yameshika. Usiku anayavua. Mpira ukichoka tunaubadilisha, ni kazi ya dakika chache.

Meno ya juu aachwe nayo kama yanamkaa. Msikubali yafumuliwe ili hesabu ikamilike.

Binti_wa_Donholm

Sijawahi kuambiwa kitu hiki. Mahali pawili tulipoenda waliongea nne juu, nne chini. Swali moja: mama anachomwa sindano ya kuimarisha mifupa, kwa sababu alivunjika nyonga. Ina uhusiano wowote?

Spea_Kirinyaga

Uhusiano mkubwa, dada. Hilo liwe jambo la kwanza unalomwambia daktari mkiingia mlangoni. Baadhi ya dawa hizo, hasa za sindano, zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone baada ya kung'oa au kutoboa, ukabaki wazi na kufa. Si kila anayezitumia hupata, na hatari inategemea ni dawa gani, kwa ugonjwa gani na kwa muda gani. Lakini mama asiziache kwa uamuzi wake, nyonga nayo ni muhimu. Daktari wa mifupa na wa meno waongee wao kwa wao. Beba hata kasha la dawa.

Abu_SouthC

Assalamu alaikum. Naomba kuuliza jambo ambalo niliona haya kuuliza kliniki. Nimeambiwa nitawekewa "unga wa mfupa" kabla ya implanti. Ni mfupa wa nani?

Maabara_ya_Meno

Wa alaikum salaam. Usione haya, ni haki yako, na jibu si moja. Kuna unga unaotokana na ng'ombe, huo ndio unaotumika sana. Upo wa nguruwe. Upo wa binadamu aliyejitolea mwili wake, ukasafishwa. Upo uliotengenezwa kiwandani bila mnyama. Na upo mfupa wako mwenyewe, unakwanguliwa kutoka sehemu nyingine ya taya. Hata ule utando wa kufunikia unga mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, na watu husahau kuuliza huo. Mwambie daktari akuonyeshe pakiti zote mbili kabla ya siku yenyewe. Kila pakiti imeandikwa asili yake. Akishajua unachotaka anaweza kuagiza kingine, ila mpe muda.

Abu_SouthC

Allah akulipe kheri. Mahali nilipo hakuna aliyefikiria kuniambia.

Mtu_wa_Njoro

Nimekulia Njoro, sasa niko Kasarani. Meno yangu yana madoadoa ya kahawia tangu utotoni, mengine yana vishimo. Kuna mahali hapa Nairobi nimeambiwa yang'olewe yote niwekewe implanti nipate tabasamu jipya. Nina miaka 29. Hayaumi, hayachezi.

Spea_Kirinyaga

Kijana wangu, nakuomba kama mzazi, usifanye hivyo. Hayo ni madini ya floraidi kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa, wengi wetu tuna jamaa wenye meno hayo. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na visima vingi vya kule viko juu ya hapo. Floraidi hiyo iliingia jino lilipokuwa bado linaumbika ndani ya taya. Doa liko kwenye ganda la nje. Mzizi na mfupa wako ni wako, vizima.

Kuna njia za kusugua tabaka la juu, kuna dawa za kung'arisha, kuna kufunika kwa vifuniko vyembamba. Kila moja ina mipaka yake kutegemea doa limezama kiasi gani, daktari mwaminifu atakuonyesha. Lakini jino hai lililokaza kwenye mfupa ukiwa na miaka 29 halina mbadala. Hata implanti bora ni ya mtu aliyekwisha poteza.

Na hapa niseme tofauti ambayo hakuna aliyeniambia. Jino la asili halijagandana na mfupa. Limening'inizwa kwa nyuzi ndogo sana zenye fahamu, ndiyo maana ukiuma kajiwe kwenye githeri unajua kabla hujaliponda. Implanti imegandana na mfupa moja kwa moja, haina nyuzi hizo. Mwezi wa pili baada ya kufungiwa meno nilitafuna dengu, nikasikia mlio masikioni, wala sikuhisi kitu kinywani. Jino moja la akriliki, ile plastiki ngumu, lilikuwa limekatika pembe. Siku hizi mke wangu anachambua dengu mara mbili, nami nazichambua ya tatu.

Kware_Usiku

Nimesoma yote nikiwa zamu. Mimi niliwekewa implanti sita chini, mahali ambapo sitataja. Mbili zimetoka, moja inatoa usaha. Waliofanya kazi walihama, simu haipokewi. Nilipoenda kwingine daktari alijaribu kufungua skrubu, akakosa bisibisi inayoingia. Akaniuliza ni za kampuni gani. Nitajuaje mimi?

Nakiri pia navuta sigara, pakiti moja kwa siku, na niliambiwa "haina neno, punguza tu".

Maabara_ya_Meno

Pole sana ndugu. Hili la bisibisi nalikuta kila mwezi. Implanti ni kama spea kweli, mleta uzi ataelewa: kila kampuni ina nati yake na ufunguo wake, na hata ndani ya kampuni moja vipimo vinatofautiana. Unapotoka kwenye upasuaji unatakiwa kupewa kadi au karatasi iliyobandikwa vibandiko vya pakiti za implanti, vyenye jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Kila implanti ina kibandiko chake. Ipige picha, jitumie kwenye barua pepe yako. Kliniki inaweza kufungwa, daktari anaweza kuhamia nchi nyingine, kadi inabaki.

Kwako sasa: daktari mwenye uzoefu anaweza kulinganisha umbo la implanti kwenye picha na kubahatisha kampuni. Si rahisi, lakini inafanyika. Ila nenda wiki hii. Usaha kwenye implanti unaweza kula mfupa bila maumivu makali, na mfupa ukiliwa kuzunguka skrubu haurudi kirahisi.

Spea_Kirinyaga

Naongeza kwa Kware, bila kukuhukumu. Sigara inabana damu kwenye fizi, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Wavutaji hupoteza implanti zaidi. Mimi nilikuwa na tatizo langu la sukari, wewe una lako, na wote wawili tulistahili kuambiwa mapema na kwa ukali. Lalamiko unaweza kulipeleka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Baraza hilohilo lina rejista mtandaoni: andika jina la anayetaka kukutibu uone kama amesajiliwa na kama ana ubingwa. Mimi sikujua kitu hicho kipo hadi shemeji aliponifungulia kwenye simu yake, tukiwa jikoni.

Mama_Pato

Mimi nauliza kwa heshima. Laki saba ni pesa ya ploti huko Kajiado. Kwani meno ya kuvaa yana kosa gani? Shosho yangu alivaa hadi akafa na alikuwa anakula nyama.

Spea_Kirinyaga

Swali la maana sana, mama, na jibu langu ni kwamba hayana kosa. Ningekuwa nimepoteza ya juu peke yake na nina watoto shuleni, huenda ningevaa tu. Fundi wa Ngara amekwisha kueleza kwamba ya juu hushika. Mimi nilikuwa na shida ya kutapika, kitu kikigusa kaakaa nyuma sivumilii, ile miezi minne nilipungua kilo sita. Kila mtu na mdomo wake.

Na wasio na uwezo wa kliniki za Upper Hill na Hurlingham, kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Utakaa kwenye kiti muda mrefu. Lakini kusafishwa fizi kwa bei nafuu ukiwa na miaka 40 kunaweza kukuondolea kabisa habari ya laki saba ukiwa na 55. Laiti ningelijua nikiwa bado naona damu kwenye mswaki.

Otis_Embakasi

Mimi nimeshalipia tiketi ya kwenda India mwezi ujao, wananifanyia mataya yote kwa siku kumi. Nitajuta?

Spea_Kirinyaga

Kule kuna madaktari wazuri sana, sitakutisha. Uliza tu mambo haya kabla hujapanda ndege. Mfupa unachukua miezi mitatu hadi sita kushika implanti, na meno ya siku kumi kwa kawaida ni ya muda, ya akriliki. Je, tiketi ya kurudi kufungiwa ya mwisho umeihesabu? Nani Nairobi amekubali, kwa jina na kwa maandishi, kukuhudumia skrubu ikilegea? Maana wengi hapa hawapendi kugusa kazi ya mwenzao. Na ile kadi ya vibandiko, usiondoke bila hiyo.

Pia ujue yanahitaji matunzo kila siku ya Mungu. Yangu nayasafisha dakika kumi kila usiku, brashi ndogo inapita chini ya daraja la meno, kila implanti inazungukwa. Kila miezi sita naenda kukaguliwa, na mara moja kwa mwaka daktari analifungua daraja zima, analisafisha, anapima fizi upya kwa kile kijiti. Sisi tuliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi tuko kwenye hatari zaidi ya implanti kuugua vilevile. Mdudu aliyekula mfupa wa kwanza hajahama.

Otis_Embakasi

Kumbe. Lakini zinadumu kweli? Mwingine ananiambia miaka kumi basi.

Maabara_ya_Meno

Tenganisha vitu viwili. Meno yenyewe yanayokaa juu ya skrubu, yale yanayoonekana, yanachakaa kama tairi. Ya akriliki yanalika na kukatika, lakini ni rahisi kutengeneza, na yanapokea kishindo vizuri ukiwa na meno ya asili upande wa pili. Ya zirkonia, aina ya kauri, ni magumu na hayabadiliki rangi, ila yakipasuka mara nyingi tunaanza upya. Skrubu iliyo ndani ya mfupa ni habari nyingine.

Nikueleze kisa tunachofundishwa sote. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa ulikuwa umegandana navyo. Mwaka 1965 akampandia implanti za titani mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya kutafunia. Larsson alifariki mwaka 2006, implanti zake bado zinafanya kazi. Zaidi ya miaka arobaini. Lakini huyo alikuwa mtu aliyefuatiliwa na daktari wake maisha yake yote.

Kware_Usiku

Nimepata daktari wa kuniona kesho saa nne. Amesema nije na picha za zamani zote. Sigara sijagusa tangu juzi usiku.

Spea_Kirinyaga

Hongera ndugu. Usiku wa tatu ndio mgumu, ukizidiwa andika hapa, mimi huwa macho hadi saa sita. Na jirani yangu wa duka amepimwa leo: kati ya yale meno, daktari wa fizi anasema tisa yanaweza kubaki.

Binti_wa_Donholm

Naleta mrejesho. Tulienda jana na kasha la sindano. Daktari alimpigia simu yule wa mifupa tukiwa palepale. Wamekubaliana wasubiri majibu ya damu kwanza, halafu picha ya pande tatu Jumanne. Akasema kama yote yatakaa sawa, ni implanti mbili, za chini tu, na meno ya juu hayaguswi. Pesa tuliyochanga inatosha na kubaki.

Mama alikuwa kimya njia nzima kwenye matatu. Tulipofika Donholm ameniuliza kitu kimoja: usiku akiyavua atayaweka wapi, maana paka wetu hupenda kuangusha vitu.

Maabara_ya_Meno

Mwambie mama kwenye bakuli lenye maji na mfuniko, ndani ya kabati. Bakuli nitamtengea mimi hapa Ngara, mpitie mlichukue siku ya vipimo.